Mama Yake Namba Moja

"Mama, mwanao hayupo," alisema dada wa mapokezi, macho yake yako kwenye kompyuta.

Bi Mkubwa aligeuza uso kushoto, akanusa vanishi, kisha akaupapasa mkono uliokuwa umemshika. Mkono ulikuwepo. "Hayupo wapi, binti yangu? Si huyu hapa?"

"Nipo," alisema Fundi, kama mwanafunzi anayeitwa jina darasani. Alikuwa seremala wa milango, mtu mzima, na penseli yake ilikuwa sikioni kama siku zote.

"Hapo nakuona, kaka yangu. Ila humu ndani hakuna mtu mwenye namba hii. Mama kasajiliwa bima kama mtegemezi, sawa, jina lake lipo. Tatizo ni kwamba anamtegemea mtu asiyekuwepo. Sasa operesheni nitaiandika chini ya nani?"

"Kwani amekufa?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Hapana, mama. Aliyekufa huwa tunaandika amekufa. Huyu ni kama hajawahi kuwepo."

Watu wa foleni wakasogea karibu, maana foleni hupenda sana jambo lisiloihusu. Bi Mkubwa akawageukia, ingawa aliowageukia hasa ni tangazo la kunawa mikono. "Jamani, mnamsikia? Hajawahi kuwepo! Ile miezi tisa nilibeba nini, tikiti maji?"

"Dada, labda andika upya tu," alisema Fundi kwa sauti ya chini.

"Mimi naangalia tu, siandiki. Wanaoandika ni Mfuko wa Afya. Nenda kawaulize."

"Kwenye Mfuko anafanya kazi mke wangu."

"Ah, basi afadhali! Mwulize mkeo uko wapi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi akamwongoza mama yake kwenye ngazi, masikio yakimwaka moto. Bi Mkubwa alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa muda mrefu sasa aliwatambua watu kwa harufu na kikohozi. Daktari bingwa wa macho alikuwa amekuja hospitali ile kwa wiki moja tu. Ijumaa anaondoka, na kurudi kwake anakujua Mungu. Bila bima haikuwezekana. Kwa Fundi, gharama ya operesheni ile ilikuwa sawa na milango ya mtaa mzima, na mtaa mzima ulikuwa tayari na milango.

*

Mke wa Fundi, ambaye mtaani na ofisini walimwita Karani, alikuwa akiosha vyombo waliporudi. Alisikiliza kisa chote akiwa amewapa mgongo. Aliposikia maneno "kama hajawahi kuwepo," sahani ikamponyoka, ikagonga sinki.

"Wewe si huko Mfuko ndiko unakofanya kazi?" Bi Mkubwa alisema, akijitafutia kiti kwa kupapasa. "Waulize wenzio mwanangu wamempeleka wapi. Nimemzaa kwa uchungu, nimemlea kwa shida, leo nikamuulize kwa nani?"

"Nitauliza, mama."

"Uulize vizuri. Usiulize kwa ile sauti yako ya kunung'unika."

Bi Mkubwa alipoingia chumbani kwake kupumzika, Karani alifunga mlango wa jikoni. Akafuta mikono, akaifuta tena.

"Mume wangu, nadhani mimi ndiye niliyekufuta."

Fundi akatazama kifua chake, kisha akamtazama mkewe. "Umenifuta wapi?"

Ilikuwa hivi. Kwenye kompyuta ya Mfuko kulikuwa na majedwali mawili: la wanachama na la wategemezi. Kila mtegemezi, awe mke, mtoto au mzazi, aliandikiwa namba ya mwanachama anayemtegemea, na kompyuta ilikuwa na ulinzi ambao ofisini waliuita Askari. Ukitaka kuingiza mtegemezi ambaye mwanachama wake hayumo, Askari anakataa. Ukitaka kumfuta mwanachama mwenye watu nyuma yake, Askari anakataa vilevile. Ni askari mzuri, ila mpole wa mwendo. Mwisho wa mwezi, mafaili ya matawi yakija kwa mkupuo, aliwachelewesha watu kwenda nyumbani. Kwa hiyo kitengo kizima kilikuwa na mazoea yake. Walimzima Askari, "aende akanywe chai," wakapakia kila kitu bila kuulizwa, kisha wakamwasha.

Na mwisho wa mwezi uliopita, Askari akiwa chai, Karani alijiongezea kazi. Alifuta watu walioandikwa mara mbili.

"Wewe ulikuwa mara mbili," alisema. "Karakana ilikuandika mwanachama, na mama yuko chini ya namba hiyo. Halafu tulipooana, mimi nikakuandika mtegemezi wangu. Jina moja, kitambulisho kimoja. Nikabakisha mmoja. Yalikuwa majina mengi, sikutazama jina, nilitazama namba tu."

"Ukabakisha yupi?"

Karani alitazama sinki. "Yule aliye chini yangu."

Fundi akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Tangu kazi za milango zipungue, kodi ilitoka kwenye mshahara wa mkewe, na sabuni, na hata nauli ya kwenda karakana kukaa bila kazi. Walikuwa wamekubaliana bila kusema kwamba jambo hilo halisemwi. Sasa kompyuta ilikuwa imelisema.

"Basi haikukosea sana," alisema, akajaribu kucheka, kicheko kikakataa. "Ila mama asijue. Akijua umenifuta, hata akipona macho hatakutazama."

*

Asubuhi Karani aliwahi ofisini, akamkuta Fasta tayari yuko kwenye kiti cha magurudumu, anazunguka. Jina hilo alipewa kwa sababu kila kazi aliimaliza kabla ya wengine, na kila kazi yake wengine waliirudia. Ndiye aliyewafundisha kumpeleka Askari chai.

"Hebu niulizie swali moja," Karani alisema. "Kila mtegemezi ambaye namba ya mwanachama wake haimo kwenye wanachama, aje mbele."

Fasta akaandika, akabonyeza. Ukaja mstari mmoja, miwili, kumi, skrini ikajaa na kuanza kuteremka yenyewe. Ilipotulia walikuwa mia tatu na ushee, wote wananing'inia kwenye namba za watu waliofutwa. Bi Mkubwa alikuwa katikati yao.

"Haiwezekani," Fasta alisema. Kiti kikaacha kuzunguka. "Askari si tulimrudisha?"

"Tulimrudisha getini. Nani alimwambia apite vyumbani?"

Ndivyo ilivyokuwa. Askari akiwashwa huanza na anayekuja. Walioingia akiwa chai hana habari nao, na wao kitengo kizima walikuwa wakiamini kwamba maadamu amerudi, kila kitu kimekaguliwa.

Hapo akaingia mkuu wa kitengo. Mbele yake walimwita Mkuu. Nyuma yake walimwita Namba Moja, kwa sababu siku mtambo ulipowashwa mara ya kwanza alimwinua mtu kitini ili ajisajili kabla ya binadamu mwingine yeyote, na kadi yake ya uanachama, yenye sifuri nyingi na moja mwishoni, aliwaonyesha hata wageni wa harusi.

"Wakaguzi wa makao makuu wanafika mchana," alisema, anakaza tai. "Swali lao la kwanza mnalijua. Kuna wategemezi wangapi wasio na mwanachama? Nataka wasikie sifuri."

"Mkuu, kuna tatizo..."

"Umesema sifuri?"

"Sijasema hivyo, Mkuu, nasema kuna..."

"Nimesikia sifuri. Ahsanteni sana." Akatoka.

Walitazamana. Kisha Fasta akatabasamu, na Karani alilijua tabasamu lile.

"Tatizo lao ni nini? Namba zao hazipo. Tuwape namba iliyopo. Moja, kwa wote. Amri moja tu, dakika haiishi."

"Ya nani hiyo?"

"Namba ipi tunaijua wote kwa kichwa?"

"Wee! Fasta! Umpe Mkuu watu mia tatu?"

"Askari anauliza kama mzazi yupo. Haulizi kama ni mzazi wako. Mkuu yupo? Yupo, tena sana. Wakishaondoka wakaguzi tutawarudisha taratibu, mmoja mmoja."

"Sio kweli lakini."

"Mama mkwe wako anafanyiwa operesheni lini?"

Karani aliona macho ya Bi Mkubwa yaliyofunga ukungu, akaiona Ijumaa. Haraka haraka haina baraka, alilijua hilo. Alilijua na akasogeza kiti pembeni ampishe Fasta. Amri ikapita. Walipouliza swali tena, kompyuta ilijibu sifuri, na mchana wakaguzi waliipigia makofi, ingawa mmoja wao alipiga huku anapiga miayo.

*

Alhamisi, siku iliyopangwa ya operesheni, Bi Mkubwa aliambiwa tu kwamba mambo yametengenezwa. Fundi ndiye aliyeambiwa yote, na alikuwa amefundishwa: usijieleze, usionyeshe kitambulisho, kaa kimya.

"Karibu mama, karibu sana!" Nesi aliwapokea mlangoni kabisa, na nyuma yake kiti chenye mto. "Mbona siku ile hamkusema? Mama yake Mkuu mzima unakaa foleni!"

Bi Mkubwa alisimama. "Mkuu?"

"Mkuu wa kule Mfuko, mama. Yeye ndiye anayesaini malipo yetu hapa. Leteni maji ya mama! Baridi au ya kawaida?"

Bi Mkubwa alikaa kwenye mto, akaupima kwa kujinyanyua kidogo na kujirudisha. Akilini mwake alipiga hesabu yake. Mwanawe amepewa ukuu kule Mfuko kwa mkewe, na kwa unyenyekevu wake hajamwambia mtu. "Ya kawaida, mwanangu," alisema kwa sauti mpya. "Mwanangu hapendi makuu. Tangu mdogo yuko hivyo."

"Mkuu wetu?" Nesi alishangaa kidogo, maana kadi ile na yeye alishaonyeshwa. "Haya. Ana bahati ya kuwa na mama. Na huyu aliyekuleta ni nani?"

Fundi alikuwa amefundishwa kukaa kimya, lakini hakufundishwa la kufanya akiulizwa ana kwa ana. Alitazama mlango wa chumba cha operesheni. Alimtazama mama yake, mto ule, glasi ya maji.

"Mimi jirani," alisema. "Jirani tu. Nimemsindikiza."

Glasi ikatua mezani kwa kishindo.

"Jirani?"

"Mama..."

"Jirani! Jirani niliyekunyonyesha! Jirani niliyekubeba mgongoni na surua yako, watu wananiambia muache kwa bibi yake, nikasema siachi!" Bi Mkubwa alikuwa amesimama, kidole kimeelekea alikosikia sauti. "Wewe nesi, mimi nina mtoto mmoja, ndiye huyu, anayenuka vanishi. Huyo Mkuu wako simjui, hajawahi kuniletea hata maji. Kama macho yangu yanafunguliwa kwa jina lake, yafunge!"

"Mama, tulia, daktari anasubiri," Fundi alinong'ona. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akayafuta kwa mkono wenye gundi kavu. "Nilisema kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu unanikana? Nikishaona nimwone nani, jirani?"

Nesi alikuwa mtu mwema, lakini kazi ni kazi. Mgonjwa amesema kwa kinywa chake kwamba faili si lake. Alilifunga, akasema kwa huruma kwamba mpaka jina lirekebishwe hawezi kumwingiza, na kwamba kesho kabla ya adhuhuri daktari anafunga mizigo yake. Mto wakauchukua.

*

Fundi alimpigia Karani simu, akamweleza yote. Karani aliweka simu mezani, akainuka, akaenda moja kwa moja kugonga mlango wa Mkuu. Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa imeishia pale.

Mkuu hakuwa peke yake. Mkewe alikuwa amekaa mbele yake, shavu limevimba kwa jino, mkoba umekumbatiwa kifuani.

"Arobaini na mmoja!" alikuwa akisema, kwa upande mmoja wa mdomo. "Nimeenda kung'oa jino, naulizwa, mama, wewe ni mke wa ngapi? Nikasema wa ngapi vipi? Wakanigeuzia kompyuta. Na mimi wameniweka wa ishirini na tisa! Hata ukubwa sikupewa!"

"Mke wangu, ni kompyuta..."

"Kompyuta ndiyo iliyooa?"

"Shikamoo, mama," Karani alisema. "Hao si wake zake. Tumempa sisi."

"Mmempa?"

Hapo Karani alisema yote bila kuvuta pumzi: chai ya Askari, watu aliowafuta, mumewe mwenyewe, mia tatu walioning'inia, namba ya Mkuu, na mama mkwe aliyekataa kuwa mama wa mtu asiye mwanawe. Hakumtaja Fasta. Fasta alikuwa mlangoni anasikiliza, akaona aibu, akajitaja mwenyewe.

"Wewe umefuta mume," Mkuu alisema polepole, jasho linamtiririka, "na mimi nikaongezewa wake. Kwa nini hamkuniambia?"

"Tulikuambia, Mkuu. Ukasikia sifuri."

Mke wa Mkuu alikuwa ameelewa kabla ya mumewe, na akamwangalia kwa namna ambayo Mkuu alitamani wakaguzi warudi.

"Warudishe watu kwa watu wao," alisema.

"Mke wangu, wakaguzi wameshaandika ripoti. Nikisema sasa..."

"Wakaguzi ndio unaolala nao nyumba moja?"

Mkuu akainua simu. Aliwapigia makao makuu mbele ya mkewe, akasema ile sifuri haikuwa sifuri, na wote wakasikia alivyofokewa, maana sauti ya simu ilikuwa kubwa. Kisha akatoa ufunguo wa kabati na nakala ya majedwali ya mwezi uliopita, iliyohifadhiwa kabla ya Askari kwenda chai. Kutoka humo wakawarejesha wanachama waliofutwa, wakawarudishia wategemezi namba zao za mwanzo, safari hii Askari akiwa kazini, anakataa, anakubali, anakataa, na hakuna aliyelalamika kwamba ni mpole. Walioandikwa mara mbili walipigiwa simu mmoja mmoja kuulizwa. Kazi hiyo alipewa Fasta. Iliposomeka namba ya Fundi, Karani aligusa skrini kwa kidole, kama mtu anayemfuta mtoto vumbi.

*

Nyumbani Bi Mkubwa alikuwa amekaa sebuleni, amempa mgongo mwanawe. Fundi alikuwa anairekebisha bawaba ya dirisha ambayo haikuwa na kasoro.

"Mama," Karani alisema, akapiga magoti mbele ya kiti. "Jina limerudi. Kesho asubuhi wewe ni wa kwanza. Lakini kuna jambo. Mimi ndiye niliyemfuta."

Fundi akafumba macho.

"Nilijua," alisema Bi Mkubwa. "Ile sahani ya sinki iliniambia. Umemfutaje?"

"Alikuwa mara mbili. Mmoja peke yake na wewe chini yake, mwingine chini yangu. Nikabakisha mmoja."

"Ukabakisha wa kwako."

"Ndiyo, mama. Sikujua, lakini ndiyo. Nisamehe."

Bi Mkubwa alisugua magoti. "Hata mimi ningebakisha wa kwangu," alisema mwishowe. "Inuka. Ila kazi yako hiyo ifanye umefungua macho, angalau wewe unayo."

*

Aliingia chumba cha operesheni Ijumaa asubuhi, wa mwisho kwa daktari na wa kwanza kwa siku, chini ya namba ya seremala. Hakukuwa na mto. Daktari alianza na jicho la kulia, akaacha maelekezo la pili lifanywe na msaidizi wake, akaondoka.

Kesho yake Nesi alifungua bandeji, taratibu, na Fundi na mkewe wamesimama mbele ya kitanda kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Bi Mkubwa alipepesa. Chozi lilimtoka, akalifuta, akapepesa tena. Akamtazama Nesi kwanza.

"Kumbe wewe mdogo hivyo," alisema. "Sauti yako nilidhani una wajukuu."

"Na hawa, mama?" Nesi alicheka. "Unawaona? Huyu ni nani?"

Bi Mkubwa akamtazama Fundi. Akaanzia viatu, akapanda kwenye suruali yenye vumbi la mbao, kwenye mikono, hadi kwenye penseli na mvi chache zilizoota pembeni yake, mvi ambazo hakuwahi kuziona. Alitazama mpaka Fundi akashindwa, akainamisha kichwa. Midomo ya mama yake ilikuwa inatetemeka.

"Huyu?" alisema. "Huyu jirani."

Nesi akapiga makofi kwa kicheko. Fundi akaficha uso kwa viganja, mabega yanamtikisika, na hakuna aliyejua kama analia au anacheka.

"Na huyu ndiye mfutaji," Bi Mkubwa aliendelea, akimgeukia Karani. "Umekonda, mwanangu. Mawazo ya nyumba nzima umeyabeba peke yako, hukusema." Akashusha miguu kitandani, akatafuta kandambili kwa macho, si kwa vidole, akaziona, akazivaa. Kisha akamnyooshea Fundi mkono.

"Haya, jirani, nishike. Nipeleke nyumbani kwa mwanangu."